Kodi mjini Kampala: mkimbizi analipa nini, anapata nini?

Wapo wenyeji wanaosema wakimbizi wa Kampala hawalipi kodi. Wapo pia wakimbizi wanaoamini kwamba kadi ya ukimbizi inawaondolea kodi. Yote mawili si kweli.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mkimbizi mwenye kipato alipe kodi kama sheria za Uganda zinavyoelekeza.

Unalipa nini?

- Dukani: VAT ya 18% imo ndani ya bei ya bidhaa nyingi, kama soda na sabuni. Vyakula visivyosindikwa, kama maharage na matoke, vimesamehewa.
- Kwenye simu: Ukitoa pesa, 0.5% ya kiasi hicho huenda serikalini. Vifurushi vya intaneti hutozwa 12% tangu Julai 2021.
- Mshahara: Mwajiri hukata kodi (PAYE) kwa mshahara unaozidi shilingi 235,000 kwa mwezi.
- Biashara: Leseni hutolewa na KCCA, na ada yake hutegemea aina ya biashara na mahali ilipo. Kodi ya mapato hulipwa URA. Mauzo yasiyozidi shilingi 10,000,000 kwa mwaka hayatozwi.

Daftari la mauzo linaokoa pesa

Mwenye mauzo ya kati ya shilingi 10,000,000 na 30,000,000 kwa mwaka hulipa 80,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu hulipa 0.4% ya kiasi kinachozidi 10,000,000. Kwa mauzo ya 15,000,000, kodi yake ni 20,000 tu.

Unapata nini?

Matibabu katika vituo vya afya vya serikali, kama Kisenyi, ni bure kwa raia na mkimbizi. Watoto wanaweza kusoma katika shule za msingi za serikali (UPE), ingawa wazazi hugharamia sare na mara nyingi chakula.

Lakini kulipa kodi hakukupi posho. Msaada wa chakula au fedha kwa kawaida hutolewa kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali; anayeishi Kampala hutarajiwa kujitegemea. Posho ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi ni ya raia wa Uganda waliofikisha miaka 80.

Jikinge na matapeli

- Usimpe mtu pesa taslimu mkononi. Omba namba ya malipo (PRN), kisha lipa benki au kwa simu.
- Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure.
- Tunza risiti zote. Ndizo ushahidi wako ukiambiwa hujalipa.
- Viwango vinaweza kubadilika kila Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Uliza URA bila malipo: 0800 117 000.