Bububu na Bagamoyo: Injini ya Tangi na Majina ya Miji Miwili

Ng'ambo ya mkondo wa bahari unaoitenga Bagamoyo na Unguja, kaskazini ya mji wa Zanzibar, upo mji mdogo wa Bububu. Inasimuliwa sana kwamba jina hilo ni tanakali sauti, yaani mlio wa gari la moshi lililofika huko zamani. Maelezo hayo yanapendeza. Hata hivyo, mchunguzi wa lugha hana budi kuuliza tarehe.

Reli ya kwanza ya Unguja haikuelekea Bububu. Ilikuwa mali ya Sultani Barghash bin Said, nayo ilitoka mjini kwenda jumba lake la Chukwani, upande wa kusini. Mabehewa yalivutwa na nyumbu hadi Sultani alipoagiza, mwaka 1881, injini ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Hiyo ilikuwa injini ya tangi, yenye magurudumu manne. Injini ya aina hii hubeba maji na makaa yake yenyewe, bila behewa la akiba nyuma. Haiendi mbali kabla ya kuhitaji maji mengine, lakini hukimbia mbele na kinyumenyume bila kugeuzwa; ndiyo sababu ilistawi katika safari fupi za viungani, London na kwingineko. Barghash alifariki mwaka 1888, na reli yake ikafa naye.

Reli ya Bububu ilikuwa ya pili. Kampuni ya Arnold Cheney ya New York iliijenga miaka ya 1904 na 1905, enzi ya Sultani Ali bin Hamud: maili saba tu, kuanzia Ngome Kongwe. Ilichukua abiria hadi mwaka 1922, barabara za motokaa zilipoishinda, kisha ikabaki kusomba mawe ya ujenzi.

Kwa hiyo mlio huo haukusikika Bububu kabla ya karne ya 20. Lakini Sayyida Salme binti Said, yaani Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaitaja Bububu kwa jina hilohilo, mahali alipoishi kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Jina limeitangulia reli kwa takriban miaka 40 au zaidi. Wapo wanaolihusisha na mlio wa chemchemi za huko. Chemchemi, angalau, zilikuwapo.

Bagamoyo nayo imefasiriwa kwa safari: bwaga moyo, husema wengine kwa niaba ya mpagazi anayetua mzigo, na wengine kwa niaba ya mtumwa anayeuacha moyo wake bara. Fasiri hizo mbili zimeendelea kushindana, wala gari la moshi halikuingia kati yazo, kwa kuwa halikufika. Bandari yake ya maji mafupi ilizifaa jahazi, si meli kubwa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Reli ya Tanga ikaanza mwaka 1893, na ile ya Dar es Salaam, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaanza mwaka 1905, mwaka uleule Bububu ilipopata yake. Hata reli ya mwaka 1963, iliyounganisha Ruvu na Mnyusi, ilipita bara, mbali na mji.