Chukudu

Chukudu (pia: tshukudu) ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachotumika kubebea mizigo mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mjini Goma na katika vijiji vya Kivu ya Kaskazini. Inasemekana ilianza kuonekana miaka ya 1970.

Chukudu haina injini wala pedali, na haitoki kiwandani. Mafundi huichonga kwa mkono kutokana na miti migumu kama mkaratusi, kisha magurudumu huvikwa mpira wa matairi chakavu. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kujisukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko hushuka yenyewe, na kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma hutumika kama breki. Penye mlima, ndugu na marafiki husaidia kusukuma.

Hubeba viazi, kabichi, makaa na saruji, hata kilo mia kadhaa kwa safari moja. Kwa familia nyingi, mapato yake ndiyo chakula na karo ya watoto. Goma imeiheshimu kwa sanamu ya rangi ya dhahabu, inayomwonyesha mwendeshaji na chukudu yake.