Kisomali na Kiborana ni Mabinamu: Ijue Familia ya Lugha za Kikushi

Siku ukishuka Buna, kwa ile barabara ya Wajir kuenda Moyale, unaweza skia mtu akibonga Kiborana, halafu akuambie yeye ni Msomali wa ukoo wa Ajuran. Usidhani anakuchezea. Huko hiyo ni kawaida.

Anza na hesabu. Mbili mpaka tano kwa Kisomali ni laba, saddex, afar, shan. Kwa Kiborana ni lama, sadi, afur, shan. Umeona? Ni vile Kiingereza na Kijerumani zinafanana juu zote ni za familia ya Kijerumaniki. Lakini hesabu pekee haitoshi, juu maneno hukopwa. Sita, saba na tisa zetu zilitoka kwa Kiarabu, na bado Kiswahili ni Kibantu. Ndio maana wataalamu hucheki pia sarufi.

Familia ya Kikushi iko na matawi manne:

Kaskazini: Kibeja, huko Sudan, Eritrea na Misri.

Kati: lugha za Agaw, Ethiopia na Eritrea.

Mashariki: hapa ndio kuna mbogi kubwa. Kisomali, Kirendille, Kiafar, Kisidama na Kioromo. Kiborana na Kiorma ni lahaja za Kioromo.

Kusini: Kiiraqw cha Mbulu, Tanzania, na majirani wake kama Kiburunge.

Juu yao wote kuna ukoo mkubwa wa Kiafro-Asia, wenye Kiarabu, Kiamhara na Kihausa.

Sasa shika hii: lugha kuwa ndugu haimaanishi kila anayeziongea ni wa kabila moja. Watu huhama lugha. Waajuran wengi wa Buna wanaongea Kiborana na wamebaki Wasomali. Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu, lugha yao ya Kikushi ikazimika, lakini wao bado ni Waelmolo.

Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakipitishwa msasa wa ziada ndio wapate kitambulisho. Kwao, kuulizwa "wewe ni nani kwanza?" si stori ya kupiga kijiweni. So ukipatana na msee wa Buna mtaani, usimpangie kabila juu ya vile anabonga. Muulize kwao wanaongea nini, na umpe nafasi akujibu.