Mngurumo wa hezi 50: historia fupi ya nyaya ndani ya gitaa la besi

Chomeka gitaa la besi la zamani kwenye amplifaya, iwe ukumbini Bukoba mjini au kwenye mazoezi ya kwaya hapa Buhembe. Kabla hujagusa uzi hata mmoja, spika inaanza: mmmmm. Wengi husema, "Gitaa bovu hili." Hapana. Gitaa linaimba umeme wa ukutani. Mabadiliko mengi yaliyofanywa ndani ya besi kwa zaidi ya miaka 70 ni majibu ya mngurumo huo, au ya swali lingine: sauti iamuliwe na nani, kiwanda au mpigaji?

Tuanze nyumbani. Wahaya wana enanga, ubao uliochimbwa kama chano, na juu yake uzi mmoja mrefu unapitishwa huku na huku mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. M. M. Mulokozi alizichambua tendi zinazoimbwa kwa chombo hicho katika tasnifu yake ya uzamivu ya 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenye enanga sauti inakuzwa na mti wenyewe, kwa hiyo mchongaji akishamaliza kazi, mengi yameshaamuliwa. Besi ya umeme ni kinyume. Mti wake ni mzito, hauna uwazi ndani. Bila umeme haisikiki hata chumba cha pili.

Mwaka 1951 Leo Fender, aliyeanza kama fundi redio huko California, alitoa Precision Bass. Ndani yake kulikuwa na pikapu moja (siyo gari!): sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku unabadilika na umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Ni kanuni ile ile ya Faraday ya 1831. Umeme huo unapita kwenye voliumu, kisha kwenye toni, ambayo ni kapasita inayozimwagia sauti kali kwenye waya wa ethi na kuziacha nzito.

Tatizo ni kwamba koili hiyo hiyo hufanya kazi kama antena. Umeme wetu unabadili mwelekeo kwa hezi 50, na noti ya G ya chini kwenye besi ni hezi 49. Yaani kelele inakaa jirani kabisa na muziki, huwezi kuichuja bila kuula muziki wenyewe. Marekani umeme ni hezi 60, kwa hiyo gitaa lile lile huko linanguruma karibu na B.

Dawa ilikuja 1957. Pikapu ya Precision iligawanywa vipande viwili, kimoja kimezungushwa kinyume na mwenzake, na sumaku zake zimegeuzwa. Kelele ya ukutani inaingia kwenye vipande vyote ikiwa na alama tofauti, hivyo inajifuta. Sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, kwa waya na kwa sumaku, hivyo inabaki. Jazz Bass ya 1960 ikaja na pikapu mbili na vinobu vya ghorofa, voliumu na toni kwa kila pikapu. Baadaye kidogo vikawa vinobu vitatu vya kawaida. Mwaka 1976 StingRay ya Music Man ikaweka betri ya volti 9 na saketi ya kukuza sauti ndani ya gitaa lenyewe.

Na kwetu? Bendi kubwa za dansi, mfano NUTA Jazz iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilikuwa na vyombo vya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, gitaa linabaki. Hebu fikiria: utachokonoa vipi nyaya za gitaa lisilo lako? Na miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, vipuri navyo vilikuwa shida. Likiharibika, mtu wa kukimbilia ni fundi redio.

Fundi redio anazijua voliumu na kapasita vizuri, ila kuna mtego. Besi isiyo na betri kwa kawaida inataka voliumu ya kiloomu 250. Ukiipachika ya kiloomu 10 iliyotoka kwenye redio, pikapu inabebeshwa mzigo isiouweza: sauti inafifia na ukali wote unapotea. Kisha gitaa zima linatupwa stoo, kumbe kosa ni kipuri kimoja kidogo.

Kuna kosa jingine ambalo halina mzaha. Nyuzi za besi zimeungwa kwenye ethi kwa waya uliofichwa chini ya daraja. Ethi ya amplifaya au ya soketi ikiwa mbovu, nyuzi zinaweza kubeba umeme, na mpigaji anayegusa maikrofoni kwa mdomo anafunga njia yake. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey alikufa kwa kupigwa na umeme jukwaani Swansea, Wales. Kwa hiyo usikate waya wa daraja ukidhani umetibu ugonjwa, na usivunje pini ya ethi ili mngurumo upungue. Mwite fundi umeme apime soketi za ukumbi kwanza. Ethi ikishakuwa salama, fungua kifuniko cha gitaa, piga picha ya nyaya kabla hujagusa chochote, ndipo uanze kubadilisha. Kosa la koili utalisikia kwenye spika. Kosa la ethi hulisikii mpaka likupate.