Kelele za Bwenini na Elimu ya Saikolojia Tiba

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia litakalowafaa vijana waliomo madarasani. Boma la Wajerumani la Biharamulo wenzangu wamekwisha kuliandika. Mimi naanzia daraja la Rusumo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja hilo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benaco. Mto Kagera nao ulikuwa ukichukua maiti hadi Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata niliingia kidato cha kwanza. Bwenini mwetu alilala kijana wa kando ya mto huo, aliyekuwa ameyaona hayo, na kila usiku alipiga kelele. Wengine walisema malaria, wengine mashetani. Sisi tulimmwagia maji. Na ndoo, nakiri, niliishika mimi. Muhula wa pili hakuumaliza.

Kambini ilifika mahindi, zikafika na dawa za kuhara. Mtu aliyesomea kumtibu kijana kama yule sikupata kumsikia. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa mbali Dodoma, na vinywani mwetu jina lake lilikuwa tusi tu.

Kumbe elimu yenyewe ilikuwa na umri mkubwa. Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, na mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwa mtoto aliyeshindwa tahajia. Lakini ilibidi askari warudi kutoka Vita Kuu ya Pili na majeraha yasiyoonekana ndipo wakuu wa fani hiyo wakutane Boulder, mwaka 1949, na kukubaliana kwamba mtaalamu huyo afunzwe kuwa mtafiti na mtibabu kwa pamoja.

Hapa kwetu shahada ya uzamili ya saikolojia tiba hufundishwa Muhimbili, iliyopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwanafunzi huingia akiwa na shahada ya kwanza. Hujifunza vipimo vya akili na tiba ya mazungumzo, huhudumia wagonjwa wodini chini ya msimamizi, kisha huandika utafiti wake. Dawa haandiki, hiyo ni kazi ya daktari. Vijana wa Ngara na Biharamulo mnaosoma baiolojia, jambo hili lifikirieni.

Yule mwenzetu nilimkuta stendi ya Biharamulo, anauza samaki. Alinitambua kwanza yeye, akaniuliza kama bado napenda kitanda cha juu. Habari ya ndoo sikuthubutu kuigusa.