Homa Kushuka Sio Kupona: Stori ya Miaka 150 ya Dawa ya Maumivu

Kuna maneno yanazunguka mtaani, kuanzia vibaraza vya Mbotela mpaka kwa simu zetu: ati Brufen na aspirini zinaua bakteria. Kwa hivyo ukishikwa na homa ya matumbo ama UTI, meza mbili asubuhi, mbili jioni, mambo kwisha. Daktari wa nini?

Siwezi kukuambia ni uongo mtupu, juu si uongo mtupu. Na hapo ndipo hatari iko. Ndani yake kuna ukweli kidogo, na huo ukweli ni mzee kuliko Nairobi yenyewe.

Turudi 1874. Hapa Nairobi hakuna reli, hakuna Jogoo Road, ni uwanda na maji baridi ya Wamaasai. Huko Ulaya, wazo kwamba vidudu visivyoonekana ndivyo huleta magonjwa bado ni jipya. Joseph Lister, daktari wa upasuaji, ameonyesha kwamba ukiosha kidonda kwa asidi ya kaboliki, hakiozi. Shida ni moja: kaboliki inachoma. Huwezi kuinywa.

Kule Leipzig, Ujerumani, kuna mwanakemia anaitwa Hermann Kolbe. Amepata njia rahisi ya kugeuza kaboliki kuwa asidi ya salisiliki, na anajua ukiipasha moto inaweza kurudi kuwa kaboliki tena. Anafikiria hivi: labda mtu akiimeza, itaua vidudu ndani ya mwili bila kumchoma. Akaijaribu kwa nyama, maziwa na bia, akaona zinachelewa kuharibika. Mwaka huo huo wa 1874 Friedrich von Heyden akaanzisha kiwanda karibu na Dresden. Madaktari wa upasuaji nao wakaanza kuiweka kwa vidonda.

Umeshika hapo? Babu wa aspirini aliingia hospitali kama muuaji wa vidudu. Hakuna mtu alikuwa anafikiria maumivu ya kichwa.

Halafu wakaipeleka kwa homa ya matumbo. Kufikia 1875 madaktari wa Uswisi na Ujerumani walikuwa wanawapa wagonjwa asidi ya salisiliki, na homa ikashuka kweli! Mtu alikuwa anawaka, sasa amepoa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Si dawa imeshika?

Haikuwa imeshika. Joto lilishuka, ugonjwa ukabaki. Vidudu viliendelea na kazi yao kwa matumbo huku mgonjwa ameacha kutetemeka. Dawa ilikuwa imezima king'ora, lakini nyumba bado inaungua.

Mwaka uliofuata, 1876, ndipo dawa ilipata kazi yake halisi. Thomas MacLagan wa Dundee, Scotland, alitangaza kwamba salisini, kemikali ya jamii hiyo inayotoka kwa gome la mti, inatuliza homa ya baridi yabisi. Berlin nao wakaona asidi ya salisiliki inafanya vivyo hivyo: maungo yaliyovimba yanapoa, mtu anatembea. 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akatengeneza aina yake inayojulikana leo, na jina Aspirin likaingia sokoni 1899. Ndio mwaka ambao reli ilifika Nairobi. Jiji letu na aspirini ni rika moja.

Ilichukua mpaka 1971 kujua inafanyaje kazi. John Vane, Mwingereza, alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu, uvimbe na homa. Alipewa Tuzo ya Nobel 1982. Kwa lugha ya mtaa: aspirini inaongea na mwili wako, haiongei na kidudu. Brufen, ambayo jina lake la kitaalamu ni ibuprofeni, ni vile vile. Stewart Adams na wenzake wa kampuni ya Boots pale Nottingham walikuwa wanatafuta kitu kipole kuliko aspirini kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na ikaanza kuuzwa Uingereza 1969.

Sasa mbona watafiti wamerudi kwa wazo la Kolbe? Ni kwa sababu dawa za kuua bakteria zinaanza kushindwa. Mwaka 2019 pekee, bakteria sugu waliua moja kwa moja watu karibu milioni 1.27 duniani. Kutengeneza dawa mpya ni ghali na inachukua miaka, so wanasayansi wanachunguza zile ziko kwa rafu tayari. Watafiti wa Kolkata, India, walionyesha mwaka 2000 kwamba diklofenaki, hii hii unadungwa ukiumwa na mgongo, inazuia bakteria kadhaa kukua. Ibuprofeni nayo imeonekana maabara ikipunguza kasi ya baadhi ya bakteria wa mapafu.

Lakini neno kubwa hapo ni maabara. Kwa kisahani cha maabara unamwaga dawa upendavyo. Damu yako haiko hivyo. Kabla ufikishe kiwango cha kutisha bakteria, unaweza kuwa umeumiza tumbo na figo.

Kuna jaribio moja la Ujerumani lililochapishwa 2015 ambalo watu hupenda kutaja nusu yake. Wanawake 494 wenye UTI ya kawaida waligawanywa: wengine wakapewa antibiotiki, wengine ibuprofeni. Kama thuluthi mbili ya wale wa ibuprofeni walipona bila antibiotiki. Hiyo ndio nusu inayotumwa. Nusu ingine: waliumwa zaidi na kwa muda mrefu, na maambukizi yaliyopanda hadi figo yalikuwa mengi upande wao. Na wote walikuwa wanafuatiliwa na daktari. Wewe uko na nani, wewe na pakiti yako?

Halafu kuna sehemu ambayo hakuna mtu hutuma. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Judah Rosner, aligundua kwamba bakteria aina ya E. koli wakiwekwa pamoja na salisileti, wanakuwa wagumu zaidi kuuawa na antibiotiki kadhaa. Bakteria anahisi sumu, anafunga milango na kuwasha pampu za kutoa takataka nje. Antibiotiki ikija, inakuta pampu zishawaka. Na 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Australia wakaripoti kwamba ibuprofeni na parasetamoli, zikichanganywa na siprofloksasini maabara, ziliongeza mabadiliko yanayowafanya E. koli kuwa sugu. Hiyo pia ni maabara, kwa hivyo usitupe dawa ambayo daktari amekuandikia. Lakini angalia vile stori imepinduka: kitu unaambiwa kinaua bakteria kinaweza kuwa kinampa mazoezi.

Hii si stori ya mbali. Watafiti wa KEMRI, akiwemo Samuel Kariuki, wamefuatilia kwa miaka homa ya matumbo isiyosikia dawa hapa hapa Nairobi. Serikali ilitoa sera yake ya kupambana na usugu 2017.

Na sitawacheka wanaomeza Brufen wakangoja. Kidonge ni shilingi chache. Kipimo ni pesa, foleni ni siku nzima, na mtu wa kibarua akikosa siku moja, jioni hakuna unga. Watu wetu si wajinga, wanapiga hesabu. Mimi nasema tu hesabu imesahau kitu: homa ya matumbo ikitoboa utumbo, unalipia upasuaji, na wengine hawafiki huko.

Kolbe hakukosea kila kitu. Wazo lake liliponea kwa ngozi. Ile sabuni ya uso ya chunusi iliyoandikwa salisiliki? Ni asidi yake. Ile dawa ya Whitfield ya kupaka mashilingi? Iko ndani pia, asilimia 3. Nje ya mwili unaweza kuiweka nyingi mahali pamoja. Ndani haiwezekani.

Kwa hivyo tumia dawa ya maumivu kwa maumivu, kulingana na karatasi yake. Aspirini usimpe mtoto wa chini ya miaka 16 bila daktari. Homa ikipita siku tatu, ama mkojo unachoma na umeanza kuumwa kiunoni na kutetemeka, nenda upimwe hata kama umepoa baada ya kumeza. Ukifika, sema umemeza nini na saa ngapi, juu hiyo homa uliyoificha ndiyo daktari anatafuta.

Mwaka 1875 madaktari wasomi walidanganywa na kipimajoto. Walikuwa na sababu, hawakuwa wanajua. Sisi tunajua.