TIMU YA DARAJA LA PILI NDANI YA NNE BORA ULAYA

Wadau, leo naomba tuliache kidogo soka la uwanja mkubwa. Nina habari ya ACCS, klabu ya futsal kutoka Asnières na Villeneuve-la-Garenne, vitongoji vilivyo pembeni mwa Paris upande wa kaskazini. Ndiyo klabu ya kwanza ya Ufaransa kufika nne bora ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya futsal. Na ilifika huko ikiwa timu ya daraja la pili nyumbani kwao. Ndiyo, mmesoma vizuri.

Kwa wageni wa mchezo huu: ni watano kwa watano, ndani ya ukumbi, dakika 20 kila kipindi na saa inasimama mpira ukitoka. Mpira wenyewe ni mdogo na haudundi sana. Kwa hiyo ukimbeba mchezaji asiyejua mpira, dakika mbili tu kila mtu kashamwona.

Mashindano ya klabu ya Ulaya yalianza msimu wa 2001/02 yakiitwa Kombe la Futsal la UEFA, jina la Ligi ya Mabingwa likaja 2018. Kwa miaka yote hiyo Wafaransa walikuwa wasindikizaji. Sporting Club de Paris, timu yenye jina na rangi za Sporting ya Lisbon, ilitwaa ubingwa wa Ufaransa mara nne mfululizo, 2011 hadi 2014. Nyumbani walikuwa wababe, lakini nne bora ya Ulaya hawakuigusa. Kremlin-Bicêtre wakajaribu, Toulon wakajaribu, hola.

Ndipo ACCS wakaamua kukata njia ya mkato. Januari 2020 zikatoka habari kwamba Ricardinho anaiacha Inter ya Hispania kwenda kwao. Wadau, huyu si mtu wa kawaida. Mreno aliyezaliwa 1985, mchezaji bora wa dunia mara sita (2010, kisha 2014 hadi 2018 bila kupumzika), bingwa wa Ulaya na Benfica 2010, na Inter 2017 na 2018. Anakupiga tobo, anakupiga kanzu, na wewe mwenyewe unataka kumpigia makofi. Kwa kipimo cha soka la kawaida, ni kama Messi wa Barcelona ile aamke asubuhi asaini timu ya kitongojini.

Kwa bahati mbaya, mshahara wa mtu kama huyo hautoki kwenye viingilio vya ukumbi wa kitongoji. Ufaransa kuna chombo kinaitwa DNCG, kazi yake kukagua hesabu za klabu. Mwaka 2021 kikaikagua ACCS na kuishusha daraja. Hawakushushwa kwa vipigo, walishushwa mezani, kwa sababu ya vitabu. Hata hivyo tiketi ya Ulaya walishaipata msimu uliotangulia, na hiyo haikuchukuliwa.

Hapo ndipo mambo yakawa ya ajabu. Oktoba 3, 2021, mjini Kaunas, Lithuania, Ureno iliifunga Argentina 2-1 na kutwaa Kombe la Dunia la futsal. Nahodha aliyeinua kombe ni Ricardinho, na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akaichukua yeye. Akamaliza sherehe, akapanda ndege, akarudi... daraja la pili Ufaransa!

Huku Ulaya ACCS wakawa wanachanja mbuga. Raundi ya timu 16 ilikuwa na makundi manne, na anayepita ni kinara peke yake. Wakaongoza kundi lao. Mwishoni mwa Aprili 2022 wakatua Riga, Latvia, pamoja na Barcelona, Sporting na Benfica. Wote watatu walikuwa wameshawahi kulibeba kombe hilo. Tena wote watatu ni matawi ya klabu kubwa za soka, futsal ikiyumba kuna mzazi wa kuishika mkono. ACCS hawakuwa na mzazi.

Nusu fainali Sporting wakawatoa, kisha Benfica wakawanyima nafasi ya tatu. Barcelona wakachukua kombe kwa kuichapa Sporting 4-0. Baada ya msimu huo Ricardinho, akiwa na miaka 36, akafunga mabegi. Baadaye tukamsikia Indonesia.

Najua wapo watakaosema DNCG waliua ndoto. Mimi sioni hivyo. Mkaguzi hakumsajili mtu, alisoma hesabu alizoletewa. Lakini pia siwezi kuwacheka ACCS. Hao wababe wengine walicheza Ulaya miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuwapeleka Wafaransa pale.

Timu ya taifa nayo ilikuwa imeanza kuamka tangu Euro ya 2018, ilipotoka sare ya 4-4 na Hispania. Mwaka 2024, Uzbekistan, Ufaransa ilicheza Kombe la Dunia la futsal kwa mara ya kwanza na ikamaliza ya nne.

Mwaka 2025 UEFA ikazipeleka fainali za klabu Ufaransa kwenyewe, mjini Le Mans. Zilikuja Palma na Cartagena kutoka Hispania, Sporting kutoka Ureno na Kairat kutoka Kazakhstan. Palma wakaondoka na kombe. Wafaransa walikuwa jukwaani.